Uzi: Kusoma picha za zamani za viwanda na reli za Katanga kabla ya kujenga modeli

Fundi_Kamalondo

Ndugu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kwingineko, nawasalimu. Kila mara mtu anapoanza kujenga modeli ya reli yenye kiwanda, swali lake la kwanza huwa ni wapi atapata picha za zamani. Kwa maoni yangu picha hazijapungua. Kadi za posta za Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, zimejaa kwenye intaneti, magazeti ya kampuni kama *Mwana Shaba*, lililoanza mwaka 1957, bado yamo ndani ya makabati ya familia nyingi za mjini, na makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji yanatunza picha nyingi za wakati wa ukoloni. Kinachokosekana ni kuzisoma.

Picha nyingi za viwanda vya Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa ukoloni, zilipigwa kwa agizo la kampuni yenyewe, na waliokusudiwa kuziona walikuwa wenye hisa, wageni wa Ulaya na vijana waliotafutwa kuajiriwa. Kwa hiyo mpiga picha aliweka katikati kile alichotumwa kukionyesha: tanuru, dohani, kichwa kipya cha treni kilichooshwa asubuhi ile. Kwa mjenzi wa modeli, hicho cha katikati ndicho chenye faida ndogo kuliko vyote, kwa sababu kimepambwa. Mambo ya kweli yako pembezoni, mahali ambapo mpiga picha hakuwa na habari napo: kibanda cha mlinzi wa njia kilichoegemea upande mmoja, rundo la mataruma yaliyong'olewa, nyasi zilizoota katikati ya reli za njia isiyotumika, mwanamke anayevuka njia akiwa na beseni kichwani, bomba lililofungwa kwa waya. Mimi huifunika sehemu ya katikati ya picha kwa karatasi nyeupe na kuandika kila ninachokiona kwenye kingo, kisha ndipo naifunua. Asiyefanya hivyo hujenga nakala ya tangazo la kampuni.

Jambo la pili ni tarehe. Usiamini tarehe iliyoandikwa nyuma ya kadi ya posta, maana wachapishaji walirudia picha ileile kwa miaka mingi na muhuri wa posta huonyesha siku kadi ilipotumwa tu. Anza na herufi zilizo kwenye mabehewa. Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910 ikitokea Rhodesia kupitia Sakania, na kwa miongo mingi iliyofuata utaona herufi za BCK, kampuni ya reli ya Bas-Congo hadi Katanga. Baada ya uhuru utaona KDL, jina jipya la kampuni hiyo. SNCZ, shirika la reli la Zaire, ilianza mwaka 1974, kampuni ya Sizarail ilishika njia kati ya 1995 na 1997, kisha tukapata SNCC, shirika la reli la Kongo, tuliyonayo. Mabehewa ya wageni nayo yanasema: herufi za reli ya Benguela haziwezi kuwa za kabla ya 1931, mwaka ambao njia ya bandari ya Lobito, Angola, iliunganishwa na Katanga, na usafirishaji kwa njia hiyo ulikatika mwaka 1975 kwa sababu ya vita vya Angola. Kumbuka lakini kwamba behewa halipakwi rangi siku ileile kampuni inapobadili jina. Herufi zinakuambia picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani, na hazikuambii iliishia lini.

Naomba wenye ujuzi waongeze, hasa wale waliofanya kazi relini.

Mzee_wa_Depo

Mwanangu Fundi, umeanza vizuri, nami nitaongeza kuhusu waya. Ukiona nguzo na waya juu ya njia, umeshapata alama kubwa ya wakati. Sehemu ya kwanza ya BCK kuendeshwa kwa umeme ilikuwa kati ya Jadotville, yaani Likasi ya leo, na Tenke, mwaka 1952, kwa umeme wa mkondo geu wa hezi 50, na wakati ule ni nchi chache sana duniani zilizokuwa zimethubutu kutumia umeme wa namna hiyo relini. Nimeona modeli moja nzuri sana ambayo mabehewa yake yote yalikuwa ya miaka ya 1930 na juu yake kuna waya. Aliyeijenga alikuwa amechanganya picha mbili za stesheni moja bila kuangalia juu.

Kuhusu uchafu, vijana hupaka kila kitu rangi ya kutu na masizi kana kwamba uchafu ni mmoja. Relini uchafu una anwani. Mafuta meusi hujikusanya katikati ya reli mahali ambapo kichwa cha treni husimama kila siku, yaani karibu na bomba la maji, mbele ya depo na kwenye ncha ya jukwaa, lakini ukienda mita mia mbele kokoto zinarudi kuwa na rangi yake. Majivu huonekana pale tanuri za vichwa vya mvuke zilipokuwa zikisafishwa. Mchanga huwa kwenye mwinuko ambapo magurudumu yalikuwa yakiteleza. Katika picha ya zamani isiyo na rangi, hivyo vyote ni vivuli vya kijivu vinavyotofautiana kidogo sana, kwa hiyo ikuze picha na utafute mahali ambapo ardhi inabadilika weusi bila kuwepo kitu cha kutia kivuli.

Mabehewa nayo huchafuliwa na mizigo yake. Behewa lililobeba makaa ya mawe ya Luena lina weusi wa ndani unaomwagika kwenye kingo. La mawe ya chokaa kutoka Kakontwe lina weupe uliochuruzika baada ya mvua. La madini ya shaba yenye malakiti lina vumbi la kijani kwenye mikunjo ya chuma, na hilo kwenye picha ya nyeusi na nyeupe linaweza kufanana kabisa na la chokaa, isipokuwa ukijua njia ile ilikwenda wapi. Kwanza jua mzigo, kisha chovya brashi.

Binti_Likasi

Shikamoo Mzee. Nashukuru kwa maelezo ya mizigo, kwa sababu hapa Likasi watu hujenga kiwanda cha Shituru na kusahau kabisa mabehewa ya tangi ya asidi.

Yaya Fundi, nina neno kuhusu rangi. Wengi wanaangalia picha za kabla ya vita vya pili na kuhitimisha kwamba udongo wa kiwanda ulikuwa mweusi kwa sababu ya makaa. Tatizo liko kwenye kemikali ya kibao cha picha, yaani kioo chenye dawa kilichotumika kama filamu. Kabla ya filamu zinazoona rangi zote kuenea katika miaka ya 1920 na 1930, vibao vingi vilikuwa haviioni nyekundu hata kidogo na viliiona buluu kupita kiasi. Udongo wetu mwekundu wa Katanga ukipigwa kwa kibao cha aina hiyo hutoka karibu mweusi. Ubao wa mbele wa kichwa cha treni uliopakwa nyekundu hutoka mweusi pia. Anga hutoka jeupe kabisa, na moshi mweupe ukipanda mbele yake hupotea, ndiyo maana dohani nyingi za zamani zinaonekana kana kwamba kiwanda kilikuwa kimelala. Kabla hujachanganya rangi, amua picha yako ni ya enzi gani ya filamu.

Zile kadi zenye rangi ndizo zinazodanganya zaidi. Rangi ilitiwa kwa mkono au kwa mashine kwenye viwanda vya uchapishaji Ulaya, na mtiaji rangi hakuwahi kukanyaga Katanga. Nyasi za Agosti, ambazo kwetu ni kahawia au zimeungua, yeye alizipaka kijani kibichi. Kadi hizo tumia kwa maumbo peke yake.

Kijana_Katuba

Asanteni wakubwa wangu. Nina maswali mawili ya anayeanza. Nimepata picha nzuri ya jengo la kiwanda lenye njia mbili mbele yake, lakini sijui vipimo, na jengo lenyewe limeshabomolewa. Nitapata wapi urefu na upana? Halafu nichague skeli gani, yaani nipunguze vitu mara ngapi? Treni ndogo niliyoletewa kutoka Ubelgiji ni ya 1:87.

Mchora_Ramani

Ndugu Kijana, nianze na skeli, maana ina jibu fupi. Reli yetu ina upana wa milimita 1,067. Treni yako ya 1:87 inapita juu ya njia ya milimita 16.5, ambayo ukiizidisha mara 87 inakupa reli ya Ulaya ya milimita 1,435, yaani pana kuliko yetu kwa zaidi ya sentimita 36. Jicho la mtu aliyekulia karibu na njia litaiona kasoro hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Ukitaka kubaki na 1:87 tumia njia ya milimita 12, ambayo watu wa Ulaya huitumia kwa reli zao za mita moja. Lakini kuna hesabu nzuri zaidi. Njia ileile ya milimita 16.5 ukiijengea mabehewa ya skeli ya 1:64 inakuwa sawa na milimita 1,056, tofauti ya milimita 11 tu na reli halisi. Na njia ya milimita 9, ambayo ni rahisi na hupatikana kila mahali, ukiijengea kwa 1:120 inakuwa milimita 1,080. Wajenzi wa New Zealand, ambao reli yao ina upana sawa na yetu, wanazitumia skeli hizo mbili. Mabehewa itabidi ujenge mwenyewe, lakini ya BCK ungelazimika kuyajenga mwenyewe hata hivyo.

Sasa vipimo vya jengo. Tafuta ndani ya picha kitu ambacho ukubwa wake unajulikana na kimesimama kwenye mstari mmoja na ukuta unaotaka kuupima. Neno la mwisho ndilo watu wanalolisahau: kitu kilicho karibu zaidi na kamera kitakupa jengo dogo kuliko lilivyokuwa. Upana wa reli unafaa pale njia inapopita sambamba na ukuta na karibu nao. Pipa la mafuta la lita 200 lina kimo cha sentimita 88 hivi. Mabati ya mawimbi ya kizamani yalikuwa na milimita 76 kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, kwa hiyo ukiweza kuhesabu migongo umeshapata urefu wa ukuta. Kwenye ukuta wa matofali, hesabu safu kuanzia msingi hadi dirisha, kisha nenda kwenye jengo la enzi ileile ambalo bado limesimama mjini, pima safu kumi pamoja na udongo wake wa kuunganishia, na ugawe kwa kumi. Mtu aliyesimama mlangoni asitumike isipokuwa huna kingine, kwa sababu watu hutofautiana na kofia hudanganya.

Ukuta unaokwenda mbali na kamera haupimwi kwa rula. Chora mistari ya paa na ya msingi mpaka ikutane, na kutoka hapo utapata namna madirisha yanavyopungua. Ukiwa na kompyuta, programu ya bure ya GIMP inaweza kuunyoosha ukuta huo ili uonekane kana kwamba umesimama mbele yake, na ukishaunyoosha ndipo unaweza kuchapisha na kuukata kwenye katoni. Hakikisha pia picha haijageuzwa kushoto kulia, jambo ambalo lilitokea mara nyingi kwenye uchapishaji. Herufi za kwenye behewa zitakuambia, na kama hakuna herufi, vifungo vya mashati ya wanaume vitakuambia.

Nina nyongeza moja kuhusu kivuli. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari jua la saa sita mchana linakuwa upande wa kusini, na miezi mingine yote linakuwa kaskazini. Mwezi wa Juni, saa sita mchana, nguzo ya mita kumi inatupa kivuli cha mita saba kuelekea kusini, na mwezi wa Desemba kivuli chake ni kama mita mbili tu, kuelekea kaskazini. Kwa hiyo picha yenye vivuli virefu na nyasi ndefu za kijani ilipigwa asubuhi au jioni ya masika, na ukijua jengo lilitazama wapi unaweza hata kusema ni ipi kati ya hizo mbili. Taa ya chumba chako cha modeli iwekwe upande huohuo.

Fundi_Kamalondo

Yaya Mchora, hili la vivuli nitalichapisha na kulibandika ukutani.

Niseme kuhusu dohani na terili, yaani mlima wa mavi ya shaba (mabaki ya kuyeyusha madini), kwa sababu kila anayejenga Lubumbashi anataka viwepo. Dohani yetu kubwa ina mita 153. Kwa skeli ya 1:87 hiyo ni mita 1.76, yaani kimo cha mtu mzima, na kwa 1:64 inapita mita mbili na theluthi, kwa hiyo itagonga dari kabla hujaiweka mezani. Hata kwa 1:120 ni zaidi ya mita moja na robo. Ushauri wangu ni kwamba usiijenge kwa skeli ya treni. Iweke nyuma kabisa, bapa, kwa skeli ndogo zaidi, na uifanye hafifu kwa rangi ya vumbi la kiangazi, kama inavyoonekana kutoka Kamalondo mnamo Septemba watu wanapochoma majani. Picha za zamani zinatusaidia hapa pia, kwa kuwa zinaonyesha ni vitu gani vilivyokuwa mbele yake vikiifunika nusu ya chini.

Terili ni saa ya mji. Shaba ya kwanza ilitoka kwenye tanuru la Lubumbashi mwaka 1911, na mlima ule wa mavi ya shaba ulikua kila siku kwa miongo mingi. Kisha tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 umekuwa ukimegwa ili kutoa kobalti na shaba iliyobaki ndani yake. Hivyo umbo unaloliona leo usilihamishie kwenye modeli ya 1935 wala ya 1958. Chukua picha mbili ulizozipa tarehe kwa njia nyingine na ulinganishe ukingo wa juu wa mlima na paa lolote lisilobadilika.

Binti_Likasi

Nakubaliana na hayo ila kwa jambo moja. Yaya Fundi, kwenye uzi mwingine uliwahi kusema kwamba mtu anaweza kuunganisha vipande vya picha za viwanda vya Panda, Lubumbashi na Kipushi ili kupata kiwanda kimoja cha kubuni. Mimi siafiki. Kila kiwanda kilikuwa na njia zake za reli kwa sababu ya kazi yake. Mahali pa kuyeyushia shaba panahitaji njia ya kuingiza makaa na madini upande wa juu, njia ya kutoa shaba, na njia ya tatu ya kupeleka mavi ya moto kwenye mlima. Mahali pa kutenganisha shaba kwa umeme, kama Shituru, panahitaji asidi na hapana mlima wa aina hiyo. Ukichanganya, majengo yatapendeza lakini treni hazitakuwa na sababu ya kwenda popote.

Kuna pia suala la watu. Picha za kampuni zinawaonyesha wafanyakazi wakiwa wamepangwa mstari, wamesimama wima, na msimamizi Mzungu mwenye kofia ya jua pembeni, na majina yao hayakuandikwa. Mpiga picha wa hapa kwetu, Sammy Baloji, aliwahi kuwatoa watu hao kwenye picha za zamani na kuwaweka mbele ya magofu ya viwanda vya leo, na ukiziona kazi zile utaelewa jinsi walivyokuwa wamepangwa kwa ajili ya kamera. Kwenye modeli msiwapange hivyo. Tafuteni wale wa pembezoni, ambao hawakujua kama wanapigwa picha: anayesukuma toroli, aliyeinama kufunga kamba ya kiatu, wawili wanaoshika ncha mbili za reli.

Fundi_Kamalondo

Dada Binti, la kuchanganya viwanda umenishinda kwa hoja ya njia tatu. Mtu akitaka kiwanda cha kubuni, basi achore kwanza safari za mabehewa, halafu ndipo atafute majengo.

Kijana_Katuba

Nimejifunza mengi kuliko nilivyouliza. Nitachagua 1:120 kwa sababu meza yangu ni ndogo. Swali la mwisho: kwa ardhi na mlima, naweza kutumia udongo wa hapa na mavi halisi ya shaba? Kuna mtu alinishauri niyasage.

Mzee_wa_Depo

Mavi usiyasage, mwanangu. Ndani yake kuna risasi na metali nyingine, na vumbi lake ukilivuta chumbani litakudhuru wewe na watoto wa nyumbani. Chukua unga wa makaa, uchuje, uuchanganye na gundi nyeupe na maji, na ukikauka upake vanishi ya kung'aa kwenye mikondo ya karibu tu, maana mavi mapya hung'aa kama kioo na ya zamani hufifia.

Udongo mwekundu unafaa sana. Uanike, uchekeche kwa soksi ya kike iliyovutwa juu ya kopo, kisha pitisha sumaku ndani yake mara kadhaa, kwa sababu udongo wetu una chembe za chuma zinazovutwa na sumaku, na zikiingia kwenye mota ya treni ndogo zitaiua. Jaribu kwanza kwenye kipande cha katoni: gundi huufanya uwe mweusi kuliko ulivyo, kwa hiyo ongeza udongo wa rangi nyepesi kidogo mpaka ukikauka ulingane na barabara ya nje. Na kama kuna jengo la zamani unalotaka kwenda kulipiga picha karibu na njia, kaombe ruhusa kwa maandishi kwanza na uibebe mfukoni, hata ukiwa nje ya uzio.

Mchora_Ramani

Kijana, nitumie picha yako ya jengo lenye njia mbili, iliyokopiwa kwa ukubwa wote na kingo zake zikiwa hazijakatwa. Kama bati la ukuta linaonekana, tutahesabu migongo pamoja.